Charles Riley: Kijana asiye na digrii aliyesaidia kuokoa mizabibu ya Ufaransa

Lile embe la apple unalonunua kando ya barabara, likakatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi na pilipili, mara nyingi limetoka kwa miti miwili. Ndiyo, miwili. Chini kuna shina lililoota kutoka kwa kokwa la embe la kienyeji, lile la nyuzinyuzi zinazokwama menoni. Juu kuna tawi la embe la apple lililopandikizwa na kufungwa kwa plastiki hadi vidonda viwili vikashikana. Mkulima wa Makueni anajua hilo. Muuza miche naye anajua. Sisi walaji ndio huwa hatuulizi.

Kupandikiza miti ni ujuzi wa kale, una maelfu ya miaka. Lakini kuna wakati ujuzi huo uligeuzwa kuwa ngao dhidi ya mdudu, na ngao yenyewe ikaokoa kilimo cha nchi nzima. Ilikuwa Ufaransa, karne ya 19, na zao lilikuwa zabibu. Mmoja wa waliobeba wazo hilo hadi likakubalika ni jamaa anayeitwa Charles Valentine Riley. Alikuwa mchoraji, mwandishi wa gazeti na mtu wa kiburi kidogo. Digrii ya kusomea hakuwahi kuwa nayo.

Kijana wa London

Riley alizaliwa tarehe 18 Septemba 1843 mtaani Chelsea, London, akakulia Walton-on-Thames, kando ya mto Thames. Utotoni mambo yake yalikuwa mawili: kuokota wadudu na kuwachora. Akapelekwa shule za bweni ng'ambo, kwanza Dieppe nchini Ufaransa, kisha Bonn, Ujerumani. Huko akachota Kifaransa na Kijerumani, lugha ambazo baadaye zilimfaa kuliko cheti chochote.

Akiwa na miaka 17 shule ikaisha hapo. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Mwaka 1860 akapanda meli kwenda Marekani, akaishia shambani karibu na Kankakee, jimbo la Illinois. Kwa takriban miaka mitatu alilisha ng'ombe, akalima, akavuna. Mimi pia sina cheti cha chuo, kwa hivyo sehemu hii ya maisha yake huwa naisoma polepole.

Shamba lilimfundisha kitu kimoja ambacho vitabu vya wakati ule havikukitilia maanani: mkulima anaweza kufanya kila kitu sawa na bado akavuna hewa kwa sababu ya mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Wadudu aliokuwa akiwachora kwa raha utotoni, sasa aliwaona kama watu wanavyoona deni.

Akahamia Chicago kutafuta maisha. Msoto ulimshika kama unavyomshika kijana yeyote mgeni mjini, akafanya vibarua, kisha akapata nafasi katika gazeti la wakulima, Prairie Farmer. Aliandika, akachora, akajibu maswali ya wakulima waliotuma wadudu kwa posta wakitaka kujua ni adui gani huyo. Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, alijiunga na kikosi cha 134 cha jimbo la Illinois kwa miezi michache, halafu akarudi kwenye dawati lake.

Kupitia gazeti hilo alikutana na mzee Benjamin Walsh, Mwingereza mwenzake aliyekuwa mtaalamu wa wadudu Illinois. Walsh alimpenda, akampigia debe. Mwaka 1868 jimbo la Missouri likamwajiri Riley kuwa mtaalamu wake wa kwanza wa wadudu. Alikuwa na miaka 24. Mwaka uliofuata Walsh akafa baada ya kugongwa na treni, na kijana akabaki bila mlezi wake wa kazi.

Kwa miaka tisa aliandika ripoti moja kila mwaka. Si ripoti za ofisini za kuwekwa kabatini zishikwe na vumbi. Alieleza mdudu anazaliwaje, anakula nini, anajificha wapi msimu wa baridi, nani anamla, na michoro mingi aliichora mwenyewe. Charles Darwin alizisoma ripoti hizo kule Uingereza na kuzisifia. Riley naye alikuwa mfuasi wa mawazo ya Darwin, na hilo utaliona likifanya kazi sasa hivi.

Ugonjwa usio na jina

Huku Riley akihangaika Chicago, kusini mwa Ufaransa kulikuwa na balaa. Mapema miaka ya 1860, wakulima wa bonde la mto Rhône waliona mizabibu ikinyauka bila sababu. Majani yanakuwa manjano, kisha mekundu, yanadondoka kabla ya wakati. Mwaka wa pili hakuna zabibu za maana. Mwaka wa tatu mti umekufa. Ukianza katikati ya shamba, unasambaa kama doa la mafuta kwenye karatasi.

Ukumbuke zabibu kule halikuwa zao la burudani. Kwa vijiji vingi ndiyo ilikuwa mshahara, karo, mahari na pensheni. Mkulima aling'oa mti uliokufa, akachunguza mizizi iliyooza, akakosa kuona chochote. Wengine walisema ni hali ya hewa, wengine udongo umechoka, wengine Mungu amekasirika.

Julai 1868 kundi la watu watatu kutoka Montpellier, Jules-Émile Planchon, Gaston Bazille na Félix Sahut, lilifanya kitu rahisi ambacho wengi hawakukifikiria. Badala ya kuchimbua mti uliokufa, walichimbua ule wa jirani uliokuwa bado unaonekana mzima. Kwenye mizizi yake wakaona vidudu vya rangi ya manjano, maelfu kwa maelfu, vimejibandika vinafyonza. Sababu ya kutoonekana awali ilikuwa wazi sasa. Mti ukifa, chakula kimeisha, wadudu wanahamia kwa jirani. Anayechunguza maiti haoni muuaji.

Planchon alimpa mdudu huyo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulitamka filoksera. Ni wa ukoo wa karibu na vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana kwenye sukuma wiki. Majike yake huzaa bila dume, kizazi juu ya kizazi katika msimu mmoja. Mmoja tu akifika shambani, hesabu imeshaanza.

Mdudu ni mmoja au ni wawili?

Habari zilipofika Missouri, Riley alikumbuka kitu. Mwaka 1855, mtaalamu wa New York aliyeitwa Asa Fitch alikuwa ameeleza mdudu anayefanya vivimbe kwenye majani ya mizabibu ya Marekani. Je, huyu wa majani na yule wa mizizi kule Ufaransa ni mmoja?

Wengi walikataa. Wa Marekani anaishi juu, kwenye majani. Wa Ufaransa anaishi chini, kwenye mizizi. Na zaidi ya hayo, wa Marekani haui mti. Utasemaje ni mdudu yuleyule?

Riley hakubishana tu, alifuata mdudu mwenyewe. Mwaka 1870 aliona wadudu wa majani wakishuka kwenye mizizi na kuendelea na maisha huko chini. Alichimbua mizabibu ya Missouri, akakuta mizizi ina wadudu na vinundu vilevile. Akawasiliana na wataalamu wa Ufaransa, wakalinganisha vielelezo. Mwaka 1871 alisafiri mwenyewe hadi Ufaransa, akaingia mashambani, akaongea na wakulima kwa Kifaransa chake cha Dieppe, akatazama mizizi kwa macho yake. Jibu likawa moja: ni mdudu yuleyule, na kwao ni Marekani.

Alifikaje ng'ambo? Kwa mizabibu ya Marekani iliyoagizwa na watu wa Ulaya, wengine kwa udadisi wa bustani, wengine wakitafuta aina zinazostahimili ugonjwa wa ukungu. Zamani safari ya tanga ilikuwa ndefu, na mdudu angefia njiani. Meli za mvuke zilifupisha safari, mdudu akashuka bandarini akiwa hai na njaa yake.

Hapa ndipo Darwin anaingia. Riley aliwaza hivi: kama mdudu huyu ameishi na mizabibu ya Marekani kwa vizazi visivyohesabika, na mizabibu hiyo bado iko, basi iliyokuwa dhaifu ilishakufa kitambo. Tunayoiona ni watoto wa waliopona. Mzabibu wa Ulaya haujawahi kukutana na adui huyu, kwa hivyo haukuwahi kujifunza kupigana naye. Dawa haiko kwenye chupa, iko kwenye mizizi ya miti iliyozoea vita.

Mti unapiganaje?

Mti hauna mikono ya kupiga mdudu wala miguu ya kukimbia. Mwaka 1951, miaka mingi baada ya Riley, Mmarekani Reginald Painter aliandika kwamba mimea hujikinga kwa njia tatu kuu. Ya kwanza, mdudu haupendi mmea huo: una harufu mbaya kwake, ngozi ngumu au vinyweleo. Ya pili, anaula lakini unamdhuru: hakui vizuri, hazai sana, au anakufa. Ya tatu, anaula na anashiba, lakini mmea unavumilia na kuendelea kuzaa.

Mzabibu wa Marekani unatumia zaidi ya njia moja. Filoksera akidunga mzizi wake, mzizi huweka haraka tabaka kama la kizibo kuzunguka kidonda. Uharibifu unabaki nje, uozo hauingii ndani. Vinundu hutokea zaidi kwenye vijizizi vichanga, na mti huota vingine. Mzabibu wa Ulaya ukidungwa, mizizi mikubwa inavimba, inapasuka, kuvu wanaingia, uozo unafika ndani, mti unakatwa maji. Kwa hivyo mdudu anafungua mlango tu, na wauaji wengine ndio wanaoingia.

Riley hakuishia kusema Marekani nzuri, Ulaya mbaya. Alipanga aina moja moja kulingana na jinsi zilivyoshambuliwa, na orodha ilikuwa na mambo ya kushangaza. Aina iitwayo Clinton ilikuwa na majani yaliyojaa vivimbe, ukiiona ungeapa inakufa. Lakini mizizi yake ilivumilia. Catawba, nayo ni ya Marekani na ilipendwa sana, mizizi yake iliteseka. Kumbe sura ya juu inaweza kukudanganya, na kuzaliwa kwenye nchi ya mdudu hakutoshi. Lazima uchimbue, aina kwa aina.

Haki yake kila mtu apewe. Riley hakuwa peke yake na wala si yeye aliyekuwa wa kwanza kwa kila hatua. Mkulima wa Bordeaux, Leo Laliman, alikuwa ameeleza mwaka 1869 kwamba mizabibu yake ya Marekani ilikuwa imesimama huku ya Ulaya ikifa. Gaston Bazille ni miongoni mwa wa kwanza kupendekeza kupandikiza matawi ya Ulaya juu ya mizizi ya Marekani. Planchon alisafiri Marekani mwaka 1873, Riley akampokea na kumtembeza. Alichofanya Riley ni kuleta ushahidi kwamba adui ni mmoja na anatoka wapi, kuonyesha aina zipi zinamstahimili, na kupigia debe dawa hiyo pande zote mbili za bahari.

Vita vya kiburi

Ungedhani wakulima wangeruka kwa furaha. Wapi.

Jiweke kwenye viatu vya mkulima wa Burgundy. Babu yako alilima zabibu hizi, na babu wa babu yako. Divai yako ni jina lako. Halafu unaambiwa mdudu aliyekuua alitoka Marekani, na dawa ni kuchukua mizizi ya mwituni kutoka kulekule Marekani, uifunge kwenye mzabibu wako wa heshima. Zabibu nyingi za Marekani zina ladha kali ya ajabu ambayo wanywaji waliifananisha na harufu ya mbweha. Hofu ilikuwa ladha hiyo itapanda kutoka mizizini.

Basi kukawa na kambi mbili. Kambi ya kemikali ilidunga ardhini dawa iitwayo kaboni disalfaidi, yenye sumu na ya kuwaka moto haraka. Ilisaidia kiasi, lakini ilikuwa ghali na ilibidi irudiwe tena na tena. Wengine waligharikisha mashamba kwa maji msimu wa baridi, wengine wakahamia kwenye mchanga ambako mdudu hawezi kutambaa vizuri. Mbinu hizo mbili zilifanya kazi, ila zinahitaji uwe na mto karibu au ufuko. Mkulima wa mlimani afanyeje?

Kambi ya pili ni ya mizizi ya Marekani. Burgundy iliizuia kisheria hadi 1887. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imetangaza zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayepata tiba. Zawadi hiyo haikulipwa mtu. Laliman aliidai, akaambiwa kupandikiza si kutibu ugonjwa, ni kuukwepa.

Huku watu wakibishana, mapipa yalikuwa yakikauka. Mwaka 1875 Ufaransa ilitengeneza takriban hektolita milioni 84 za divai. Kufikia 1889 zilikuwa zimeshuka hadi karibu milioni 23. Familia zilihama vijiji, nyingine zikavuka bahari hadi Algeria na kwingineko. Njaa ndiyo iliyomaliza ubishi.

Missouri, jimbo la Riley, likawa moja ya vyanzo vikuu vya tiba. Wakulima wa miche kama Isidor Bush, George Husmann na Hermann Jaeger walituma vipande vya mizabibu ya Marekani kwa wingi mkubwa. Wafaransa walipopandikiza, waligundua hofu yao haikuwa na msingi: shina la chini halibadilishi zabibu za juu kuwa za mwituni. Tawi linabaki na tabia yake, mizizi inabaki na ukaidi wake.

Njia haikunyooka. Aina za kwanza zilipopandwa kwenye udongo wa chokaa zilikuwa manjano na kudhoofika. Mwaka 1887 Ufaransa ikamtuma Pierre Viala kwenda Marekani kutafuta aina inayopatana na chokaa. Kule Texas, mkulima na mtafiti T. V. Munson alimwelekeza kwenye mizabibu pori inayoota kwenye vilima vya chokaa. Kwa maneno mengine, kustahimili mdudu peke yake hakutoshi, lazima mti upatane pia na ardhi utakayoishi.

Riley alipewa na Wafaransa nishani ya dhahabu kwa kazi yake ya mizabibu, na mwaka 1889 akatunukiwa heshima ya Légion d'honneur. Chuo kikuu cha Missouri kilikuwa kimempa udaktari wa heshima mwaka 1873. Yule ambaye hakusoma chuo akaitwa Dakta.

Nzige, machungwa na ugomvi

Si mizabibu tu. Kati ya 1873 na 1877 nzige walivamia majimbo ya kati ya Marekani. Sisi tuliowaona wakifunika anga ya Samburu na Kitui mwaka 2020 tunaelewa. Riley aliongoza tume ya kitaifa ya wadudu iliyoundwa mwaka 1877. Kabla ya hapo alikuwa ameandaa karamu Warrensburg, Missouri, supu ya nzige na nzige wa kukaanga, akiwaambia wakulima kwamba asiyebakiwa na kitu anaweza kula kilichomla. Watu walicheka. Ukimweleza mtu wa Kisumu anayejua kumbikumbi, hatacheka sana.

Mwaka 1878 akawa mtaalamu mkuu wa wadudu wa serikali ya Marekani mjini Washington, akagombana na wakubwa, akaondoka, akarudi 1881 na kukaa hadi 1894. Huko ndiko alikofanya kazi yake ya pili kubwa.

Machungwa ya California yalikuwa yakifunikwa na mdudu magamba mwenye kifuko cheupe kama pamba. Alikuwa ametoka Australia. Hapa hakukuwa na wakati wa kutafuta mchungwa unaomstahimili. Riley akageuza swali: kama kwao Australia hasumbui sana, nani anamla huko? Bunge lilikuwa limezuia wataalamu wake wa wadudu kusafiri nje kwa pesa za serikali, kwa hivyo mwaka 1888 alimpitisha msaidizi wake Albert Koebele kwa mlango wa nyuma, kama sehemu ya ujumbe wa maonyesho ya Melbourne. Koebele akatuma mbawakawa wadogo wa duara, wekundu wenye mabaka meusi. Wa kwanza walikuwa 129 tu. Wakawekwa juu ya mchungwa uliofunikwa kwa hema Los Angeles. Kufikia mwisho wa 1889 mashamba yalikuwa yanapumua tena.

Hapa ndipo ubaya wa Riley unapoonekana. Wakulima wa California walimpa Koebele saa ya dhahabu, mkewe akapata herini za almasi. Riley alikasirika, akiona sifa yake imeibwa. Ukweli ni kwamba wote wawili walistahili, na Riley mwenyewe alikuwa na sifa ya kufunika kazi za wasaidizi wake kwa jina lake. Jamaa alikuwa hodari, lakini kuwa chini yake ofisini haikuwa rahisi. Walioandika historia yake baadaye hawakulificha hilo.

Tarehe 14 Septemba 1895 alikuwa akiendesha baiskeli kwa kasi kuteremka mtaani Washington, mwanawe akiwa pamoja naye. Gurudumu likagonga jiwe la barabara lililokuwa limedondoka kutoka kwenye mkokoteni. Akarushwa, akaumia kichwa, akafa siku hiyohiyo. Zilikuwa zimebaki siku nne afikishe miaka 52. Mkusanyiko wake wa wadudu, zaidi ya 100,000, alikuwa ameshautoa kwa taifa. Ndio ulioanzisha mkusanyiko wa kitaifa wa wadudu wa Marekani.

Ngao nayo huchakaa

Leo sehemu kubwa ya mizabibu duniani inakaa juu ya mizizi yenye damu ya Marekani. Wazo hilo lilienda hadi kwenye matofaa pia. Uingereza tangu 1831 watu walikuwa wameona kwamba tofaa liitwalo Winter Majetin halishambuliwi na kidukari mwenye manyoya. Baadaye aina ya Northern Spy ikawa shina la chini kule Australia na New Zealand, na katika karne ya 20 Waingereza wakaitumia kuzalisha mashina mapya yanayomstahimili kidukari huyo.

Lakini usidhani stori imefungwa. California ilikuja kupenda shina moja liitwalo AXR1, kwa sababu lilizaa sana na kuota popote. Mzazi wake mmoja alikuwa mzabibu wa Ulaya, ule dhaifu. Ufaransa ilikuwa imeonya mapema. Watu wakapanda tu, ekari kwa ekari. Miaka ya 1980 filoksera akaanza kuwala Napa na Sonoma, na mashamba mengi yakang'olewa na kupandwa upya kwa gharama kubwa. Ukiweka shamba lote juu ya shina moja, mdudu anahitaji ufunguo mmoja tu.

Na huku kwetu? Tangu 2003 tunaye nzi wa matunda kutoka Asia. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kuuza maembe Ulaya kwa sababu yake, na soko halikufunguliwa tena hadi 2021. Mizizi ya kienyeji haiwezi kumzuia huyu, maana yeye hatafuti mizizi, anataga ndani ya tunda lenyewe. Ndiyo maana watafiti wa icipe, Kasarani, walileta nyigu wadogo wanaoua mayai na mabuu ya nzi huyo, na wakulima wakafundishwa mitego na kufukia maembe yaliyodondoka. Hiyo ni hesabu ya machungwa ya California, si ya mizabibu ya Ufaransa.

Riley alikuwa na zote mbili mfukoni, na kila mara alianza mahali pamoja. Hakuuliza kwanza dawa gani inyunyizwe. Aliuliza mdudu anatoka wapi, na huko kwao, nani anaishi naye bila kufa. Kisha akachukua jembe, akaenda kuchimbua mti ulio bado mzima.